Ngwe ya Mgeni

"Endelea," alisema Gavana Rwezaura, na Mtakuja nzima ikaendelea kuvuta pumzi.

Alilitamka neno lile akiwa bado kitandani, macho ameyafumba, kama mtu anayemjibu mkewe usingizini. Kooni mwake, chini ya ngozi, mlikuwa na ufunguo mdogo kama punje ya mtama. Dola, serikali ya Duniani, iliupachika siku alipoapishwa, na mashine ya hewa iliyokuwa huko chini ya barafu haikuitambua sauti ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi ilimngoja yeye. Siku gavana akiamua kunyamaza, hewa ingepungua kidogo kidogo mpaka watu watie akili. Ndivyo Dola ilivyoyashika makoloni yake. Haikuhangaika na askari wengi. Iliweka mtu mmoja mwenye koo zima.

Stamili Ngoda, muuguzi, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu ya mzee ameipakata, akiyakanda magoti kwa mafuta ya nyonyo.

"Leo umesema kivivu, Mzee. Mashine ilikohoa kwanza."

"Mashine imezeeka. Mimi bado."

"Wewe bado, ndiyo. Na haya magoti niliyoyashika ni ya nani?"

Mzee akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Walikuwa wakitaniana hivyo kila asubuhi, na Stamili aliyekwishafika umri wa kuitwa mama wa watu alikuwa bado anaona raha ileile aliyoiona utotoni, alipokuwa akimchekesha mtu mzima huyu mpaka anatoa machozi.

Watu wa Mtakuja hawakumwita Gavana. Walimwita Mgeni, mbele yake na nyuma yake, na jina hilo lina kisa chake. Mtakuja iko kwenye mwezi mmojawapo wa sayari ya Mshtarii. Waliotangulia ndio walioipa jina hilo, wakiwajibu ndugu zao wa Duniani waliowacheka: chekeni, mtakuja tu. Walikuta mwamba na barafu, basi. Wakausaga mwamba, wakauchanganya na maganda, na mavi yao wenyewe, tusifichane, wakangoja, wakageuza, wakangoja tena, mpaka siku moja ukanuka udongo. Kitu kilichopatikana kwa taabu hivyo hakiliwi na mtu asiyekishika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Duniani huo ni msemo wa kumchokoza mgeni aliyesahau kuaga, lakini Mtakuja uligeuka sheria. Kila aliyeshuka melini alilishwa siku mbili huku akizoea wepesi wa mwili, maana mvuto wa pale ni mdogo na mtu akipiga chafya vibaya hujigonga darini. Siku ya tatu alipewa jembe lililochongwa jina lake kwenye mpini, akaonyeshwa ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima, na tangu hapo akahesabiwa mwenyeji.

Rwezaura naye, alipofika akiwa kijana wa Kihaya mwenye suti ya bluu, aliletewa jembe siku ya tatu. Bi. Arafa, mama yake Stamili, ndiye aliyechonga mpini. Gavana akalirudisha kwa adabu zote. Alieleza kuwa sheria ya Dola haimruhusu gavana kuwa na udongo wa koloni. Akijua tu kwamba anao hata konzi moja, lazima ajivue cheo. Kisha, akitaka kuwachangamsha, akautazama ule udongo wao wa kijivu akaongeza, "Na hata hivyo wazee wangu, mgomba changaraweni haupandwi ukamea."

Hakucheka mtu. Tangu siku hiyo akawa Mgeni. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye haya, hakuwahi kuvuka mlango wa shamba bila kupiga hodi na kungoja aitikiwe. Hizo zilikuwa hodi za miaka thelathini na ushei.

"Meli inatua leo," Mgeni alisema, kicheko kikiwa kimekwisha.

"Najua."

"Tangazo utasoma wewe. Wazee wameniambia."

Stamili akaendelea kukanda. "Mimi sisomi, Mzee."

"Goti hilo umelikanda mara tatu, mwanangu. Hamia la pili."

Amri ya Dola ilikuwa imetangulia kwa redio: shamba la Mtakuja ling'olewe, pajengwe matangi ya mafuta ya meli, na wakazi wataletewa chakula kutoka Duniani. Kila mtu alielewa maana yake. Aliyeshikwa kwenye hewa sasa angeshikwa na tumboni. Ilibaki njia moja tu, nayo ilikuwa ndani ya sheria ya Dola yenyewe, iliyotungwa baada ya koloni moja kufa lote kwa kukatiwa hewa na Dunia kuona aibu. Koloni lingeweza kujitenga, ilisema sheria ile, endapo wenyeji wangemsomea gavana tangazo lao ana kwa ana, mbele ya shahidi wa Dola, na gavana kwa hiari yake akatamka neno moja: "Nimesikia." Hapo ufunguo ungefunguka na hewa ingekuwa mali ya wenyeji.

Aibu ya wakubwa lakini haidumu. Kabla ya kupiga muhuri waliongeza mstari mmoja: gavana atakayetamka neno hilo atavuliwa cheo palepale na kurudishwa kwao. Magavana wote walikuwa wamekaa juu miaka mingi, mifupa yao imelainika kama biskuti iliyotiwa chai. Mkandamizo wa meli ikipaa ungevunja mbavu, na moyo uliozoea wepesi usingeuweza uzito wa Dunia hata wiki. Ndiyo maana kati ya makoloni matatu yaliyobaki, Mtakuja, Tulieni na Kazamoyo, hakuna lililowahi kujitenga. Hakuna gavana aliyetaka kufa.

"Mimi nataka," alisema Mgeni, kama mtu anayekubali chai ya pili. "Siyo kwamba nataka. Ila nimekwishaona hakuna njia nyingine. Na nikimwangalia mtu wa kunisomea, simwoni mwingine ambaye sauti yake nitaivumilia."

Stamili alijifuta mafuta mikononi, akatoka bila kuaga. Baba yake alipofukiwa na barafu, mtu huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, akamfundisha bao, akamsimulia habari za senene na migomba ya kwao mpaka mtoto ambaye hajawahi kuona ziwa akawa anaota ziwa. Leo aliombwa amsomee kifo chake.

*

Bi. Arafa alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache yaliyonolewa, na kanga yake ilikuwa imefungwa kiunoni kana kwamba muda wowote angeitwa kwenye ugomvi.

"Umekataa," alisema bila kugeuka.

"Mama, nitamuua kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Usiposoma, wataling'oa shamba. Babu yako yumo mle kwenye udongo ule. Baba yako yumo."

"Najua aliyemo!"

"Basi usinipigie kelele." Akamsogezea kisu. "Menya. Na uniambie sheria inasemaje. Maneno yenyewe, sitaki maelezo yako."

Stamili alikuwa ameyahifadhi. "Gavana atakayetamka Nimesikia atavuliwa cheo palepale, na atarudishwa kwao."

"Kwao?"

"Kwao."

"Hawakuandika Duniani?"

"Wameandika kwao, mama. Si ni kulekule?"

Bi. Arafa akatupa ganda kwenye ndoo. "Kwa aliyeandika, ndiyo, ni kulekule. Hizi ndizi unazomenya zimetoka wapi?"

"Ngwe ya Mgeni," alijibu Stamili, bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jina lake. Kisha mkono wenye kisu ukasimama.

Stamili alikuwa ameipalilia Ngwe ya Mgeni tangu utotoni. Rwezaura aliporudisha jembe lile, Bi. Arafa alisema jembe likishatolewa halirudi, kwa hiyo ngwe ikaachwa kwa jina lake kule nyuma kabisa, nyuma ya matuta ya maharage yanayotambaa kwenye fito. Akailima yeye. Akaagiza mche wa mgomba kwa meli ya mizigo na kuupanda katikati, kwa ukaidi mtupu, ili tu siku moja mtu fulani ale maneno yake kuhusu changarawe. Mgomba ulimsumbua miaka minne. Ulipozaa, akampelekea mwenye maneno sinia la ndizi za kupika siku ya Jumapili, hakumwambia zilipotoka. Akampelekea na Jumapili iliyofuata. Ukaidi ule, miaka ilivyokwenda, uligeuka kitu kingine ambacho Mtakuja nzima ilikijua, na hakuna aliyethubutu kukitaja mbele ya Bi. Arafa. Watu wote walijua kwamba Mgeni ana ngwe. Asiyejua alikuwa Mgeni peke yake.

"Kwao ni wapi huyo?" aliuliza Bi. Arafa. "Wazazi wake wamekufa. Ndugu hawamwandikii. Miaka yote hii tunamlimia, ana kwao pengine?"

Stamili akaweka kisu chini. "Nikamwambie?"

"Umwambie, halafu? Yule hajui kudanganya. Atainuka akajivue cheo hapohapo, na huyo kapteni wa meli, shahidi wa Dola, anakuja na ufunguo wa akiba. Ataupachika kooni mwa mtu wake kabla chai haijapoa. Neno la Mgeni litakuwa upepo."

"Kwa hiyo asimame mbele ya watu akidhani anakwenda kufa, na mimi namtazama, najua, nimenyamaza?"

"Ndiyo."

"Na kapteni akikataa? Akisema kwao ni Duniani?"

 Bi. Arafa aliziosha ndizi, akazigeuza majini, akaziosha tena ilhali zilikuwa safi. "Basi nitakuwa nimempikia mara ya mwisho, wala hajui ndizi ni zake," alisema. "Nimesema anyamaziwe. Sikusema ni rahisi."

*

Alasiri, meli ikiwa imeshatua, Mgeni alimwita Stamili agawe urithi. Hakuwa na vingi. Redio yake alimpa Stamili. Suti ya bluu alisema ikatwe vitambaa vya kupangusia vyombo, maana Dola ilishona kitambaa kizuri hata kama kichwani hamna kitu. Bao alisema libaki mezani lilivyo, na kete zisiguswe, kwa sababu alikuwa anashinda.

"Ulikuwa unashindwa," alisema Stamili.

"Sasa hakuna atakayejua."

Akatazama vidole vyake. "Kuna kitu kimoja ningependa. Unipeleke shambani, ndani kabisa, mpaka mwisho. Sijawahi kupita yale maharage. Nilikuwa naona si vizuri, mgeni kupekua nyumba ya watu. Lakini leo nataka kunusa. Kwetu, ukiingia mgombani asubuhi, kuna harufu ya majani yaliyooza. Wakati mwingine nasimama pale mlangoni najidanganya kwamba naisikia."

Hakuwa anajidanganya. Ilikuwa ikitoka nyuma ya maharage, kwenye mgomba wake mwenyewe, pembeni ya jembe lenye jina lake. Stamili alitamani kumshika mkono amkimbize huko saa ileile.

"Haiwezekani, Mzee," alisema. "Wamepiga dawa ya wadudu. Utakohoa."

"Ah." Mgeni akatikisa kichwa mara mbili, kwa upole, akafanya kama si kitu. "Basi. Afya kwanza."

Stamili alikwenda bafuni akafungua bomba ili asisikike, akalia. Alijichukia. Kumnyima mtu anayejiandaa kufa pumzi moja ya kwao ni jambo zito, na asikudanganye mtu kwamba nia njema huliondolea uzito. Aliporudi, Mgeni alikuwa ametelezesha kete moja upande wake, na alikuwa akitazama dari.

*

Kapteni Eusebia Ndunguru alikuwa mwanamke mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu. Alipoingia ukumbini asubuhi iliyofuata, wazee wa Mtakuja walisubiri waone atasimamaje. Akamwona Bi. Arafa kwenye kiti cha mbele, akasita, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi. Arafa, na Stamili aliyekuwa amesimama mbele na karatasi mkononi akapata tumaini dogo.

Kapteni akawasha chombo chake cha kurekodi, akamgeukia gavana aliyesimama kwa mkongojo, suti ya bluu ikimpwaya. "Anselmi Rwezaura, kabla ya yote sheria inataka uape. Je, unajua udongo wowote wa koloni hili ulio wako?"

"Sijui hata konzi," alisema Mgeni, wazi, kwa sauti ya mtu mwaminifu.

Ukumbi mzima ulitazama viatu. Mzee mmoja alishikwa na kikohozi kisichokwisha. Bi. Arafa alikaza kanga yake ingawa ilikuwa imekaza.

Stamili akasoma. Alikuwa ameogopa sauti itamtetemeka, nayo ikatetemeka, akasoma hivyohivyo.

"Sisi wenyeji wa Mtakuja, ambao wazee wetu walikuta mwamba wakatuachia udongo, ambao tumelima hapa, tumezaliana hapa, na tumezikana hapa, tunaitangazia Dola, mbele ya gavana wake na mbele ya shahidi wake, kwamba kuanzia saa hii hatuko chini ya mtu. Hatuna ugomvi na Dunia, maana ndiko walikotoka waliotuzaa. Hewa yetu tutaivuta wenyewe, na chakula chetu tutakilima wenyewe. Atakayekuja na apige hodi, tutamkaribisha. Siku ya tatu tutampa jembe."

Watu wakacheka hapo, kicheko cha kamasi na machozi. Mgeni naye alicheka. Kisha akamtazama Stamili kama alivyokuwa akimtazama zamani alipomaliza ukurasa bila kukosea.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alisema, halafu akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu. "Nimesikia."

Chini ya sakafu, mashine ikasimama. Kwa muda wa pumzi moja ndefu hakukuwa na mvumo ambao watu wale walikuwa wameusikia tangu tumboni mwa mama zao. Akina mama wakakumbatia watoto. Kisha mvumo ukarudi, wenyewe, bila kuamrishwa na mtu, na Mgeni akajishika koo akisema kwa mshangao, "Limepoa. Lilikuwa la moto miaka yote, wala sikujua."

Kapteni akamtoa nishani kifuani. Alifanya taratibu, na uso wake haukufurahia. "Umevuliwa cheo, Mzee. Sasa sheria inasema gavana arudishwe kwao. Meli iko tayari."

"Nisindikize, mwanangu," Mgeni alimwambia Stamili, akimpa mkono.

Stamili akaupokea mkono ule. Nje ya ukumbi njia zilikuwa mbili, ya kulia ikienda bandarini. Akakata kushoto.

"Stamili. Meli iko huku."

"Najua ilipo, Mzee. Kapteni, sheria imesema arudishwe kwao. Namrudisha. Njoo ushuhudie."

Kapteni akafuata. Nyuma yake ukafuata ukumbi mzima. Mlangoni pa shamba Mgeni alisimama, na hata katika hali ile akasema, "Hodi." Hakukuwa na mtu ndani. Bi. Arafa akaitikia kutoka nyuma yake, "Karibu," na Stamili akamwingiza, wakapita mchicha, wakapita viazi, wakapita yale maharage ambayo hakuwahi kuyapita.

Mgomba ulikuwa umesimama na vichipukizi vyake vitatu, mkungu umeinama kama mtu anayesalimia wakubwa. Pembeni, jembe lilikuwa limechomekwa udongoni. Mpini wake uliliwa na viganja mpaka ukang'aa, na herufi zilikuwa bado zinasomeka: RWEZAURA.

Mgeni alizisoma. Akazigusa kwa kidole moja moja. "Mimi nililirudisha hili," alisema.

"Halirudi," alisema Bi. Arafa.

"Ndizi za Jumapili..."

"Ndiyo."

"Jumapili zote?"

"Sasa ulidhani zinatoka wapi? Changaraweni?"

Midomo ya mzee ikaanza kucheza. Alitazama udongo wa kijivu, akautazama mkungu. "Umemea, Arafa," alisema. "Umemea kweli." Mkongojo ukamteleza, na Stamili akamshika kiuno asianguke.

Kapteni alizisoma herufi zile. Kisha alimwambia Bi. Arafa kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni hila."

"Hila ya miaka thelathini, mwanangu? Nani ana subira hiyo?" Bi. Arafa akamsogelea. "Hebu nikuulize. Kwenu wapi?"

"Mbinga."

"Umekwenda lini mara ya mwisho?"

Kapteni akakohoa. "Muda mrefu. Kazi ni nyingi, mama."

"Una kitu chochote huko?"

"Nina mibuni kidogo. Alinigawia baba."

"Nani anaipalilia?"

Hapo ndipo sare ilipopoteza mkunjo wake. Kapteni aliangalia pembeni, kwenye matuta ya viazi. "Mama," alisema. "Kila msimu ananitumia salamu kwamba mibuni yangu imezaa. Anasema yangu, wakati mimi hata sijui iko upande gani siku hizi."

"Na mtu akikuuliza kwenu wapi, huwa unamjibu melini?"

Mkono wa Stamili ulikuwa umemshika mzee kiuno, na aliusikia moyo wake, huo moyo mwepesi usioweza kusafiri, ukigonga kama mtu mlangoni. Yote waliyoyafanya yalikuwa yamesimama kwenye ulimi wa mwanamke mmoja wa Mbinga.

Kapteni Ndunguru akakisogeza chombo cha kurekodi karibu na mdomo. "Gavana wa Mtakuja ametamka Nimesikia. Amevuliwa cheo. Amerudishwa kwao." Akavuta pumzi. "Shahidi amepaona kwa macho yake."

Shangwe zilizolipuka ziliwarusha watoto mpaka darini, kwa wepesi wa pale, na wawili waliteremka na nundu. Katikati ya kelele zile Mgeni alimgeukia Stamili, macho mekundu.

"Hakukuwa na dawa ya wadudu."

"Hakukuwa, Mzee. Nilikudanganya."

"Jana niliiaga dunia. Niligawa redio."

"Najua. Nilikuona, na nilinyamaza. Ukinikasirikia una haki." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nakupenda, Mzee. Ningekudanganya tena."

Mgeni alimtazama. "Nitakukasirikia," alisema. "Lakini siyo leo. Na redio naitaka."

*

Meli iliondoka jioni ileile, siku ya pili tangu itue. Wasemao husema mabaharia walimharakisha kapteni wao wakihofia kupambazukiwa na majembe, ila wengine huapa kwamba kapteni mwenyewe alikuwa na haraka, na kwamba aliomba likizo ya kwenda Mbinga kabla hata hajatoka kwenye mwezi.

Habari ilipofika Tulieni, watu wa huko walianza kuulizana gavana wao amelimiwa wapi, na ikagundulika kwamba mpishi wake alikuwa amempandia vitunguu kitambo, akiona haya kusema. Tulieni ikajitenga msimu huohuo. Kazamoyo walikawia zaidi. Gavana wao alikuwa mtu wa kufoka, hakuna aliyewahi kumpandia hata bamia, kwa hiyo iliwabidi kwanza wampende, na hilo lilichukua muda. Kule Duniani wakubwa walikaa vikao vingi juu ya neno kwao, lakini kila waliyemwagiza alitunge upya alikuwa na mama yake mahali fulani, na kazi haikwenda.

Lakini turudi Mtakuja, siku ya tatu.

Mzee Rwezaura aliamka, akasema "Endelea" kwa mazoea. Hakuna kilichomngoja. Mashine ilikuwa inavuma zake. Alicheka peke yake, akavaa shati kuukuu, akachukua jembe ambalo Stamili alilisimamisha mlangoni, akajikongoja mpaka shambani. Ndani, Stamili na mama yake walikuwa wakipalilia. Walimsikia akija, hatua na mkongojo, hatua na mkongojo, kisha kimya. Amesimama mlangoni. Stamili akataka kuitikia kabla hata hajaulizwa, lakini Bi. Arafa akamshika mkono, na wote wawili wakangoja bila kuinua vichwa.

Nje, mkono wa mzee ulikuwa umekwishainuka, na neno lile la miaka yote lilikuwa mdomoni. Akalimeza. Akaushusha mkono, akaingia.